Konza na Barabara ya Ngong: mwaka mmoja, wizara moja, matokeo mawili

Mwaka 2009 serikali ya Kenya ilichukua hatua mbili kubwa za kuifanya Nairobi na viunga vyake kuwa makao ya teknolojia. Mwezi Juni kebo ya intaneti ya TEAMS, iliyolazwa chini ya bahari kutoka Fujairah katika Falme za Kiarabu, ilifika Mombasa na kupokewa na Rais Mwai Kibaki. Mwaka huohuo serikali ilinunua ekari 5,000 za ranchi ya Malili, kando ya barabara kuu ya Mombasa, yapata kilomita 60 kutoka katikati ya jiji, ili pajengwe mji mpya kabisa wa teknolojia, Konza. Miradi yote miwili ilikuwa chini ya wizara moja, ya habari na mawasiliano, na aliyeisukuma kwa bidii yote miwili alikuwa katibu mkuu wake, Bitange Ndemo.

Kebo iligeuza uchumi wa Nairobi ndani ya miaka michache, na barabara ya Ngong ikawa maskani ya vijana wake wa teknolojia. Konza nayo, wakati Kibaki alipozindua ujenzi wake Januari 2013, iliahidiwa kuleta ajira 20,000 kufikia 2015 na 200,000 kufikia 2030, kwa gharama iliyotajwa kuwa dola bilioni 14.5. Mwaka 2015 ukafika, na pale Malili palikuwa bado uwanda wa nyasi uliozungushiwa uzio.

Ukimuuliza mtu yeyote kwa nini Konza ilikwama, jibu huja haraka: ufisadi, siasa, uzembe. Sikatai kwamba hayo yapo. Lakini hayatoshi kueleza kisa hiki, kwa sababu viongozi walikuwa walewale, hazina ya taifa ileile na siasa zilezile, na bado mradi mmoja ulizaa na mwingine ukadumaa. Lazima tofauti itafutwe ndani ya miradi yenyewe, katika kile ambacho kila mmoja uliwataka watu wafanye.

Tuanze na kebo. Kabla ya 2009, Afrika Mashariki yote iliunganishwa na dunia kwa setilaiti. Kampuni iliyotaka intaneti ya maana iliweka dishi juu ya paa na kulipa maelfu ya dola kila mwezi kwa megabiti moja tu kwa sekunde. Na hata aliyelipa hakupata huduma nzuri: ishara ilipaa karibu kilomita 36,000 angani na kurudi chini, kwa hiyo sauti ilichelewa, na mtu aliyetaka kufungua kituo cha kupokea simu za wateja wa Uingereza alijikuta anazungumza juu ya maneno ya mwenzake. Kulikuwa na mpango wa kikanda wa kebo, EASSy, lakini mataifa yalivutana kwa muda mrefu juu ya umiliki. Kenya ikachoka kungoja, ikaungana na kampuni ya mawasiliano ya Etisalat ya Falme za Kiarabu na kulaza kebo yake.

Jambo la busara zaidi lilikuwa lile lililofuata. Serikali haikuing'ang'ania kebo. Iliyaalika makampuni ya mawasiliano ya hapa nyumbani yanunue hisa, yenyewe ikabaki na sehemu ndogo. Julai 2009, wiki chache tu baadaye, kebo ya kibinafsi ya SEACOM nayo ikaanza kazi, na EASSy ikafuata mwaka 2010. Ushindani ukaanza tangu siku ya kwanza na bei zikaporomoka. Katika bajeti ya 2009 serikali iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwenye simu za mkononi (ilirudishwa 2013, na kwa maoni yangu huo ulikuwa uamuzi mbaya). Baada ya hapo hakuna aliyeambiwa ajenge nini wala wapi.

Lakini kebo ilikuta jambo jingine tayari linachemka. Pesa zilikuwa zimeanza kutembea kwenye simu.

M-Pesa ilizinduliwa na kampuni ya simu ya Safaricom Machi 2007. Wazo la awali, lililokuzwa na watu wa Vodafone kwa msaada wa fedha za maendeleo za serikali ya Uingereza, lilikuwa dogo: wakopaji wa shirika la mikopo midogo la Faulu walipe madeni yao kwa simu. Majaribio yalianza mwaka 2005, na Thika ilikuwa mojawapo ya sehemu zake. Wakopaji walipopewa simu wakafanya walichokiona kina maana kwao: wakatumiana pesa wao kwa wao. Waendeshaji wakawa na unyenyekevu wa kuliweka kando suala la mikopo na kubaki na kutuma pesa nyumbani. Benki Kuu haikungoja sheria itungwe. Iliruhusu huduma ianze kwa masharti, kubwa likiwa kwamba pesa za wateja zikae katika akaunti ya amana benki, mbali na mali ya Safaricom yenyewe. Mwishoni mwa 2008 malalamiko yalipozidi, wizara ya fedha iliagiza huduma ichunguzwe. Ikapita salama. Sheria ya mifumo ya malipo ilikuja 2011, wakati mamilioni ya Wakenya walikuwa tayari wanaitumia.

Wanaoandika kuhusu teknolojia ya Nairobi hupenda kuanzia kwenye programu. Mimi naona wakala wa M-Pesa ndiye mtambo wenyewe, na inafaa kumtazama kwa karibu. Ana kibanda cha kijani, dirisha lenye nondo, simu moja au mbili, na daftari lililopigwa mistari kwa rula: tarehe, kiasi, nambari ya kitambulisho, nambari ya simu, sahihi. Biashara yake inasimama juu ya mizani ya vitu viwili, noti zilizo kwenye droo na floti, yaani salio la M-Pesa, iliyo kwenye simu. Mteja akiweka shilingi 3,000, noti zinaongezeka na floti inapungua. Akitoa, kinyume chake. Siku za mwisho wa mwezi Nairobi hulipwa mishahara na kila mtu anataka kutuma kwao, kwa hiyo kufikia saa sita mchana wakala wa Kawangware ana droo iliyojaa na simu iliyokauka. "Floti imeisha, jaribu pale mbele." Wakati huohuo wakala wa Kitui ana tatizo la upande wa pili: kila mtu anakuja kutoa, na noti zimemwishia. Kinachowaokoa wote wawili ni kijana anayekimbizwa benki, au wakala mkubwa anayewauzia floti na noti. Leo mawakala wa M-Pesa ni zaidi ya 200,000. Mtandao huo wa watu, unaosawazishwa kwa miguu na pikipiki kila siku, ndio uliompa kila mwenye wazo la biashara Nairobi njia ya kulipwa na mteja asiye na kadi wala akaunti ya benki.

Hapo ndipo vilipochipuka vingine. Nick Hughes, aliyekuwa Vodafone wakati M-Pesa inabuniwa, alikuwa mmoja wa waanzilishi wa M-Kopa, kampuni iliyoanza kuuza taa za sola mwaka 2012 kwa malipo ya kila siku: mteja akilipa, taa inawaka, asipolipa, kifaa kinajifunga. Bila malipo madogo yasiyo na usumbufu biashara ya namna hiyo haiwezekani. Novemba 2012 ikaja M-Shwari, akiba na mkopo ndani ya simu kupitia benki ya CBA. Vijana wa programu nao wakaanza kuunganisha maduka, shule na saako (vyama vya akiba na mikopo) na M-Pesa, ingawa kwa miaka mingi walifanya hivyo kwa tabu. Mitambo ya huduma hiyo ilikuwa Ujerumani hadi 2015, na Daraja, mlango uliowarahisishia kazi wabunifu wa nje, haukufunguliwa hadi 2017. Miaka hiyo kumi ya mlango uliobana iligharimu jiji hili makampuni ambayo hatutayajua kamwe.

Sasa njoo barabara ya Ngong. Mapema 2008, ghasia zilizofuata uchaguzi zilipokuwa zinaichoma nchi, kundi la wanablogu akiwemo Ory Okolloh, Juliana Rotich, Erik Hersman na David Kobia walitengeneza Ushahidi, ramani ambayo mtu yeyote angeweza kuitumia kuripoti kwa ujumbe wa simu kilichotokea mtaani kwake. Programu hiyo ilitumika baadaye Haiti baada ya tetemeko la 2010 na katika nchi nyingine nyingi. Mwaka huohuo wa 2010 watu wa kundi hilo walifungua iHub katika jengo la Bishop Magua: ukumbi wenye intaneti ya kasi, meza na mkahawa. Kilichowavuta vijana kilikuwa intaneti ambayo nyumbani wasingeimudu, na kukaa karibu na wenzao. Mtu aliyekwama kwenye msimbo aligeuka akamuuliza wa meza ya pili. Mwekezaji aliyefika Nairobi kwa siku tatu alijua pa kwenda. Chuo Kikuu cha Nairobi na Strathmore havikuwa mbali, matatu zilipita mlangoni, na Kilimani palikuwa na vyumba vya kupanga, mama mboga na klabu za usiku.

Hakuna wizara iliyopanga hayo. Lakini yasingewezekana bila kebo ambayo wizara ililaza. Hii ndiyo nusu ya kisa ambayo wapenzi wa soko huria huisahau.

Turudi Malili. Ramani ya Konza ilikuwa nzuri, nasema hivyo bila kejeli. Ilichorwa na wataalamu wa kimataifa: mitaa ya kutembea kwa miguu, chuo kikuu, makazi, ofisi, bustani. Mamlaka ya kuusimamia mji iliundwa 2012. Awamu ya kwanza ilikadiriwa kuchukua takribani ekari 400. Tatizo lilikuwa swali ambalo ramani haikulijibu: nani ahame kwanza, na kwa nini?

Mfikirie mwenye kampuni ya watu sita hapo Kilimani mwaka 2013. Wateja wake wako Westlands na Upper Hill. Mtu akiacha kazi leo, kesho anapata mwingine kwa kuuliza marafiki. Mke wake ni muuguzi katika hospitali ya jiji, watoto wako shule ya jirani. Akihamia Konza anapata barabara pana na umeme wa uhakika, kisha anapoteza kila kingine. Mombasa Road ya wakati ule, na malori yake kutoka Mlolongo hadi Kyumvi, ingemla saa nne kwa siku. Barabara ya juu ya kulipia kutoka Mlolongo hadi Westlands ilifunguliwa 2022, na hata hiyo inaishia mbali na Malili. Kampuni kubwa ingeweza kuhimili hayo. Lakini kampuni kubwa za aina hiyo Nairobi ilikuwa nazo chache sana. Nguvu yake ilikuwa katika vikampuni vya watu wanne, watano, vinavyoishi kwa kusaidiana.

Na hata wakubwa walionyesha mapema walikotaka kwenda. IBM ilipofungua maabara yake ya utafiti mwaka 2013 ilikaa ndani ya Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Afrika Mashariki, Lang'ata. Microsoft ilipoleta kituo chake cha wahandisi mwaka 2019, na Google ilipotangaza chake 2022, ilikuwa hadithi ileile ya Nairobi mjini. Carnegie Mellon, chuo ambacho mji wowote wa teknolojia ungekitamani, kilikubaliana na Rwanda mwaka 2011 na kwenda Kigali.

Kosa ninaloliona kuwa zito kuliko yote halikuwa la umbali. Lilikuwa ule ukanda wa kilomita kumi kuzunguka Konza ambamo ujenzi ulizuiwa au kuwekewa masharti. Nia ilikuwa njema: waliogopa vibanda na ploti za ovyo zingeufunika mji kabla haujazaliwa. Lakini tazama miji iliyokua kweli kuzunguka Nairobi katika miaka hiyohiyo: Kitengela, Ongata Rongai, Ruiru, Syokimau. Yote ilianza na mtu aliyenunua ploti ya futi hamsini kwa mia, akajenga vyumba vinne vya kupangisha, jirani yake akafungua duka la vifaa vya ujenzi, wa tatu akaleta matatu. Ni ukuaji wenye uchafu na mafuriko, ndiyo, lakini ndio uliowapa makazi watu wa eneo ambalo sensa ya 2019 ilihesabu, kwa kujumlisha Nairobi, Kiambu, Machakos na Kajiado, zaidi ya watu milioni 9, karibu Mkenya mmoja kati ya watano. Konza ilimzuia mtu huyohuyo wa vyumba vinne. Wakati huohuo wenye mashamba ndani ya ukanda walibaki na ardhi wasiyoweza kuitumia wapendavyo, wakingoja mji usiokuja.

Siasa nazo zilichangia, na hapa nitapita haraka. Jiwe la msingi liliwekwa wiki chache kabla ya uchaguzi wa Machi 2013. Serikali iliyoingia ilikuwa na vipenzi vyake, reli mpya ya Mombasa na kompyuta za watoto wa darasa la kwanza. Ndemo akaondoka wizarani. Katiba ikaleta kaunti, na eneo la Konza likajikuta linaguswa na tatu, Makueni, Machakos na Kajiado, huku mbili za kwanza zikivutana juu ya mpaka na mapato.

Mfano unaoumiza zaidi uko upande wa pili wa jiji. Tatu City, mji wa kibinafsi katika kaunti ya Kiambu karibu na Ruiru, nao ulikuwa na misukosuko yake mahakamani. Lakini mwaka 2024 kampuni ya CCI ilifungua huko kituo kikubwa cha huduma kwa wateja chenye nafasi za maelfu ya wafanyakazi, kazi zilezile ambazo Konza iliwaza kuzivuta tangu mwanzo. Sababu haina fumbo. Barabara kuu ya Thika ilikamilika 2012, na kando yake wanaishi vijana wengi sana, waliosoma, wanaoweza kupanda matatu Githurai au Juja na kufika zamu ya saa mbili. Mwenye kituo cha simu anatafuta watu kabla ya kutafuta jengo.

Je, basi barabara ya Ngong imeshinda? Mtu anayeipenda Nairobi lazima aseme ukweli wote. Fedha zilizolisha makampuni ya jiji zilitoka nje kwa sehemu kubwa, na zilipokauka baada ya riba kupanda duniani, tuliona matokeo. Sendy, ya usafirishaji, iliingia mikononi mwa wasimamizi wa ufilisi 2023. Copia, iliyouza bidhaa kupitia mawakala vijijini, ikafuata Mei 2024. iHub yenyewe ilinunuliwa 2019 na CcHUB, kituo cha ubunifu cha Nigeria. Kazi nyingi zilizozaliwa si za uhandisi: ni za wakala wa floti, mwendesha boda anayeitwa kwa programu, na kijana anayekagua picha za kutisha au kuziwekea alama data ili mashine za makampuni ya Marekani zijifunze. Wakaguzi wa maudhui ya Facebook walioajiriwa Nairobi kupitia kampuni ya Sama wamefikisha malalamiko yao mahakamani, na Septemba 2024 Mahakama ya Rufani iliamua kwamba Meta, mmiliki wa Facebook, inaweza kushtakiwa hapa Kenya. Uamuzi huo, kwa maoni yangu, una uzito zaidi kwa uchumi wa jiji kuliko uzinduzi wa majengo kumi, kwa sababu unagusa bei ambayo kazi ya vijana wetu inauzwa.

Na Konza haijafa. Barabara za ndani, umeme, maji na mifereji ya awamu ya kwanza vimejengwa na kampuni ya Italia. Kuna kituo cha taifa cha data, kilichojengwa kwa mkopo wa China. Kuna taasisi ya juu ya sayansi na teknolojia ya mkopo wa Korea Kusini, kwa mfano wa chuo cha KAIST cha huko, na hiyo ndiyo sehemu ninayoitilia matumaini. Mwanafunzi wa uzamili hana kampuni ya kuhamisha wala mke muuguzi mjini. Atakaa pale miaka miwili au mitatu kwa kuwa maabara iko pale. Mia chache wa namna hiyo wanahitaji chapati, mtu wa kuwafulia fulana na chumba cha bei nafuu, na mahitaji hayo ndiyo yanayoanzisha mtaa.

Lakini hilo litafanikiwa ikiwa mambo mawili yatafanywa. Ukanda wa kilomita kumi ulegezwe kwa mpango: mitaa ipimwe, mifereji ichimbwe, kisha wenye ardhi waachwe wajenge nyumba za kupangisha za ghorofa mbili tatu bila kutafuta kibali kwa miaka. Na usafiri. Reli ya zamani ya Mombasa inapita palepale Konza, mahali ambapo tawi la Magadi linaanzia. Treni mbili asubuhi na mbili jioni, za kuaminika, zenye nauli ambayo mwanafunzi anaiweza, zingegharimu sehemu ndogo sana ya yale mabilioni yaliyokwisha kumwagwa pale. Mamlaka ya Konza na shirika la reli hazihitaji mkopo mpya kutoka nje ili kukaa meza moja na kuandika ratiba.